Likizo ya Nesi

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, saa tatu na robo asubuhi, manyunyu yakinyesha na anga likiwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo, mdogo wangu wa kiume aliingia nyumbani kwa mama yetu akiwa ameziba pua kwa leso. Leso yenyewe alikuwa ameinyunyizia manukato mazito, hata sebule nzima ikaanza kunuka kinyozi. Nilikuwa na chai mkononi. Nilikisukuma kikombe kando.

Hapakuwa na harufu yoyote ya kuzibia pua. Mama yu kitandani tangu kiharusi kilipompooza upande wa kulia, lakini chumba chake ni kisafi kuliko vyumba vya wengi wanaotembea. Usafi huo ni kazi ya mdogo wetu wa mwisho, binti pekee, tunayemwita Nesi ingawa hakusomea uuguzi. Alisomea ushonaji. Cherehani yake imefunikwa shuka pembeni ya sebule tangu mama aanguke, naye hajui tena usingizi wa kushiba, kwa kuwa mama sharti ageuzwe ubavu usiku na mchana asije akatoka vidonda.

Siku hiyo tulikutana kupanga mapumziko yake. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mgongo wake umeanza kukataa kazi, na kwamba asipopumzika wiki mbili kamili, familia itakuwa na wagonjwa wawili. Nilipendekeza hivi: Jumatatu Nesi aondoke, aende kwa shoga yake wa utotoni, mji mwingine, akalale. Wiki ya kwanza nimuuguze mama mimi. Ruhusa ya kazini nilikwisha kuipata. Wiki ya pili amuuguze huyu ndugu yetu, ambaye tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hajapata kuiona kamati akakosa kuiongoza. Shule ya bweni, nilikokuwa kiranja hata jina hilo likanibaki nyumbani, ilinifunza kwamba zamu ya kusafisha vyoo haimjui mtoto wa mkubwa, na sioni kwa nini somo hilo lilegee eti kwa kuwa sasa tunavaa tai.

"Kikao kimefunguliwa," alisema Mwenyekiti kutoka ndani ya leso.

"Ondoa kwanza kitambaa hicho usoni," nilimwambia. "Aliye humo chumbani alikutawaza wewe ulipokuwa hujui choo ni nini."

"Mafua tu, kaka."

"Mafua gani yanayokungoja mlangoni kwa mama?"

Kabla hajajibu, Nesi aliniita chumbani. Alitaka kunitazama nikimgeuza mama, apate kuondoka na moyo uliotulia. Kazi hiyo hufanywa kwa shuka lililokunjwa mara mbili na kutandikwa chini ya mgonjwa, kuanzia mabegani hadi mapajani. Unalishika karibu kabisa na mwili wake, kisha unarudi nyuma kwa uzito wako, mikono isifanye kiburi. Nilivuta.

"Taratibu, Kiranja," alisema Nesi. "Mama si gunia la mahindi."

"Gunia lingekuwa limeshapasuka," mama alisema kwa upande wa mdomo unaomtii bado.

Tulicheka sote watatu. Mwenyekiti alikuwa amesimama kizingitini, kisigino kimoja nje, akiukagua ukuta kana kwamba anataka kuununua.

Tuliporudi sebuleni, ulimi wake ulikuwa umelainika.

"Nimelitafakari suala hili," alisema. "Kwa shoga atalala wapi? Godoro la chini, watoto wa watu wakimruka. Aje kwangu. Chumba kipo, feni ipo, televisheni ipo. Wifi yake atampikia, yeye kazi yake kunyoosha miguu."

Nesi alisogea mbele kitini. Tangu Mwenyekiti ahamie nyumba yake mpya, hakuwahi kumwalika dada yake hata kwa kikombe cha chai.

"Kweli, kaka?"

"Kweli kabisa. Tena tusingoje Jumatatu, nikuchukue leo hii. Kafungashe."

Macho ya Nesi yalilowa. Nami nilianza kutafuta maneno ya kumshukuru mdogo wangu, maneno ambayo sijazoea kumpa.

"Na ubebe lile shuka la kugeuzia," aliongeza, "na boksi moja la glavu."

Nesi, aliyekwisha kuinuka, aliketi tena.

"Glavu za nini, likizoni?"

"Aa, huwezi kujua."

"Siwezi kujua nini?"

Leso ilipanda tena puani. "Mama mkwe aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Wamemruhusu jana, yupo pale kwetu. Lakini ni mwepesi yule, mifupa mitupu. Utamgeuza kwa mkono mmoja, muda wote uliobaki unapumzika."

Katika miezi hii, kila nilipokuja kumsaidia Nesi, nimeosha kinyesi cha mama, nimefuta matapishi, na sikutapika. Asubuhi ile ndipo nilipoitamani ile leso. Uchafu wa mwili una sabuni yake. Huyu alikuwa amempaka dada yake mafuta kwa mgongo wa chupa, wala hakuona haja ya kuificha chupa.

"Unamhamisha kitanda kwa kitanda," nilimwambia, "halafu unaita mapumziko."

"Ninambadilishia hewa."

"Baki na hewa yako."

"Vizuri. Basi wiki ya pili msinihesabu. Tuone hiyo safari itakwendaje bila mtu wa kubaki na mama."

Nesi alinigeukia. Mkono wake ulikuwa umekwenda kiunoni, pale panapomuuma.

"Nitabaki mimi, wiki zote mbili," nilisema. "Kazini nitaomba nyongeza. Wakikataa, wanikate mshahara."

Mwenyekiti aliona mlango huo umefungwa, akaujaribu mwingine. Alimsogelea dada yake, akashusha sauti ya kikao, akavaa ya matanga.

"Ulipopasuliwa tumbo, nani alilala sakafuni kando ya kitanda chako? Si wifi yako? Leo mama yake yu hoi, wewe unampa kisogo. Hilo ni deni, Nesi. Nimekuja kulidai."

Nesi hakupandisha sauti.

"Wifi alilala sakafuni kwa ajili yangu, sikatai. Deni hilo ni lake, si lako. Wewe siku zile hata getini hukufika. Nitampigia simu mwenyewe, nimpe pole, nimwambie nikirudi na mgongo mzima nitakwenda kukaa na mama yake ili naye apate kulala. Lakini wiki hizi mbili silipi deni la mtu."

"Yaani unakataa?"

"Nakataa, kaka. Silipi."