Kurasa Zilizobanwa

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kibanio. Kibanio cheusi cha nywele, cha kawaida, kama vile tunavyoviweka kwenye kopo karibu na kioo. Lakini hakikuwa kichwani. Kilikuwa kimebana kurasa kadhaa katikati ya kitabu cha Dada Miwani, nami nikadhani ni alama ya mahali alipofika.

Mimi ni msusi. Mteja hukaa kwenye kigoda, mimi kwenye kiti nyuma yake. Kitabu chake kikiwa mapajani, nami nikiinama kukata njia za nywele, naona kurasa zote mbili. Niliishia darasa la tano, ila herufi hazikunikimbia. Vitabu vyote nilivyowahi kusoma nimevisoma hivyo, juu ya bega la mtu, kuanzia pale alipofika yeye mpaka nywele zilipokwisha. Majalada siyaoni. Ukiniuliza kitabu ninachokipenda, sina jina la kukutajia. Kuna kile cha jaji aliyepotelewa na kobe, nilikisoma kwenye kichwa chenye mba. Kuna kile cha ndugu wawili walioshuka kisimani, ambacho mwenyewe aliinuka akaenda zake mimi nikiwa bado kisimani.

Dada Miwani ni karani wa posta, na hawezi kukaa na mtu bila kumpa kitabu. "Kisome hiki, halafu uniambie." Alimpa hata Mama Saluni, mwenye saluni yetu, ambaye alikiingiza chini ya mguu mfupi wa meza. Alipoulizwa kikoje, akajibu kwamba kimetulia sana.

Mimi hakuwahi kunipa. Sikumlaumu. Mtu anayeitwa Kimya kazini, utajuaje kama anasoma? Halafu Mama Saluni alikuwa na sheria yake: macho yako yakae kwenye kichwa cha mteja, maana umbea wa macho nao ni umbea.

Kile chenye kibanio ndicho Dada Miwani alichokipenda kuliko vyote. Alisema hukirudia kila mwaka, kama watu wanavyorudi kwao kusalimia. Ni habari za binti wa fundi saa na mama yake, anayeumwa katika chumba cha uani. Nilikisoma vipande vipande, kila mwenyewe alipokuja kusuka. Yule mama ana maneno. Bintiye akimsihi anywe uji, anamwambia asimnenepeshe kama kuku wa kuchinjwa. Hapo nilikaribia kucheka, nikameza mate.

Kabla Dada Miwani hajarudi tena, mama yangu alifariki.

Simu ilitoka kwa kaka yangu, nikiwa kazini. Mikono yangu ilijaa mafuta ya nywele, kwa hiyo Mama Saluni akaniwekea sikioni. Kaka akasema, "Mama ametutoka." Nikamjibu sawa. Mama Saluni naye alikuwa amesikia. Akaniambia niende, atamalizia yeye. Nikasema nimalize tu, mteja hatoki na nusu kichwa. Nikamaliza. Nikachovya ncha za misuko kwenye maji ya moto, nikakunja taulo, ndipo nikavua aproni.

Tulizika. Watu walinipa pole, nami nikajibu nimeshapoa, kama inavyojibiwa. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimepoa kama chai ya jana. Sikulia, na wengine wakanisifu kwamba nina moyo. Niliporudi kazini nilisuka vizuri kuliko zamani, njia zangu zimenyooka, wateja wakazitazama kwenye kioo wakafurahi. Nilikuwa nikila, nikioga, nikilala. Kama kulikuwa na kitu kimepungua, sikukiona kilipokuwa.

Ndipo Dada Miwani akaja. Hakuwa na habari za kwetu. Alikaa kwenye kigoda, akafungua kitabu, nikaona amefika jirani kabisa na kibanio. Mle ndani yule mama aliomba dirisha lifunguliwe. Bintiye akalifungua. Kesho yake mama hakuutaka uji, wala hakusema neno la kuku.

Dada Miwani akashika kurasa zile zilizobanwa, akazipitisha zote kwa mkupuo mmoja. Upande wa pili binti alikuwa anapanga sufuria katika nyumba nyingine. Mama hayupo.

Kitana changu kilibaki hewani.

Akaniuliza, bila kugeuka, kama nimechoka. Nikasema hapana.

"Basi mbona umesimama? Kila nikifika pazuri, unasimama. Mimi nanyamaza tu, lakini kichwani mtu anahisi kila kitu." Akacheka kidogo. "Kumbe tunasoma wote, mdogo wangu. Mimi nakusubiri usuke, wewe unanisubiri nifunue."

Mama Saluni akakohoa. Siku nyingine ningeomba radhi, na mambo yangeishia hapo.

"Umeruka," nikasema.

"Nimeruka nini?"

"Hapo kwenye kibanio."

Akanieleza kwamba kile huwa hakiondoi. Kurasa zile alizisoma mara moja, kitabu kikiwa kipya, akalia pale posta na foleni inamtazama. Tangu siku ile akazibana, na kitabu kikazidi kuwa kizuri.

"Hata wewe nakushauri uziache," akasema. "Hakuna kipya humo. Binti yupo, amemshika mama yake mkono, basi. Nitakuletea kingine, cha kuchekesha."

Kumbe binti alikuwepo.

Nilichukua fungu la nywele, nikaligawa mara tatu, vidole visijue kinachofuata. Nikaliachia. Mama Saluni hakukohoa tena.

"Dada, kiondoe hicho kibanio," nikasema. "Mama yangu amekufa. Nilikuwa nimekaa hapa hapa, namaliza kichwa cha mtu. Sikuwepo. Nataka nione yule aliyekuwepo alifanya nini."