Mguu Usijue Unapimwa

Baba alikula kiapo kwamba hatabebwa. Si na mimi, si na mtu yeyote. Alikuwa amekaa kwenye kidato cha chini cha ngazi ya nyumba yetu, fimbo katikati ya magoti, akalitazama gari langu jipya kama mtu anayemtazama jirani asiyempenda, akasema, "Siku nitakayobebwa nitakuwa sina habari."

Gari lenyewe ni kubwa, sikatai. Mimi ni mpima viwanja. Kazi yangu iko huko ambako barabara zimekata tamaa, nikataka gari lenye miguu mirefu. Miguu ya baba sikuifikiria. Sakafu ya gari ilimfika juu ya goti, na goti lenyewe lilishagoma tangu mwaka juzi. Nilipomshika kiuno nimsukume kidogo tu, alinitupia jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu nilipovunja msumeno wake nikiwa na miaka tisa. Nikaufyata.

Na safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Mama alikuwa kwa mdogo wake, muuguzi mstaafu, mwendo wa saa nne kutoka kwetu. Alivunjika nyonga, akapelekwa huko atunzwe mpaka asimame. Miezi saba sasa. Kila jioni wakiongea kwa simu, baba hupaza sauti utadhani anamwita ng'ambo ya mto, na wakimaliza anaishika ile simu mkononi muda mrefu, haiweki mezani. Mama mdogo alishaniambia kando, "Mlete mumewe. Dada anamwita hata usingizini."

"Baba, nikubebe mara moja tu. Nani atajua?"

"Mama yako. Akiniona nabebwa, atajua nimekwisha. Nataka anione nashuka mwenyewe."

Kichwa ngumu! Nilimwambia hivyo hivyo, usoni, naye akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemsifu.

Niseme pia kwamba baba yangu alikuwa fundi wa ngazi. Si milango, si madirisha. Ngazi za mbao tu, miaka arobaini na mitano. Na alikuwa na utaratibu wake ambao mafundi wenzake waliucheka. Kabla ya kukata hata ubao mmoja, alikwenda kwenye nyumba ya mteja jioni, kazi zikishaisha, akauliza, "Aliyechoka kuliko wote humu ndani ni nani?" Huyo ndiye aliyemsimamisha mbele ya ubao. Akamwambia afumbe macho, afikirie jambo lingine, ainue mguu kidogo kama anayetaka kupanda. Pale mguu ulipokoma wenyewe, baba alikata alama kwa kisu. Hicho ndicho kimo cha kila kidato. Asubuhi hakupima kamwe, alisema miguu ya asubuhi inajidai. "Mguu usijue unapimwa," ndivyo alivyokuwa akisema, na mimi utotoni nilidhani miguu ina masikio.

Siku hizi mchana hulala kwenye kiti chake karibu na dirisha, na ndoto zake zote ni za ngazi. Huamka akanisimulia kabla hata hajajua ameamka. "Nilikuwa napanda. Kila kidato kilikuwa laini kama mkate. Mama yako alikuwa juu kabisa anakunja shuka. Namwita hasikii. Nikihesabu vidato, vinaongezeka." Halafu pazia hupulizwa na upepo, likamgusa bega, likarudi, na mimi ninakaa pale na kazi zangu mapajani. Iliniuma. Sitaki kudanganya, iliniuma sana.

Ndiyo nikaamua gari litiwe vikanyagio vya pembeni.

Gereji niliyoipata ina paa la plastiki ya kijani. Ukiingia tu, jua linabadilika rangi na watu wote wanaonekana kama wako ndani ya chupa. Gari nililipeleka asubuhi, baba nikamleta alasiri kwa teksi, maana alikataa kabisa kwenda kupimwa mapema. Akang'ang'ania pia kuja na ubao. Ubao mzima wa mti mgumu, mnene vidole vitatu, mrefu kufika kiunoni, alioutoa mvunguni mwa kitanda umefungwa kwa shuka kuukuu. Dereva wa teksi alinitazama. Nikamwambia asiniulize.

Fundi wa gereji ile wanamwita Milimita, kwa sababu hajawahi kusema "karibu sawa" tangu azaliwe. Bwana mwembamba, anaongea polepole, na vyuma vyake amevipanga ukutani kwa urefu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nionyeshe."

Akatuonyesha. Upande wa kushoto wa gari alikuwa ameegesha kwa majaribio kikanyagio cha kudumu, bomba nene jeusi lenye mikwaruzo juu ili mguu usiteleze. "Hiki kinafungwa kwenye chasisi, basi. Ukikikanyaga leo, ukikikanyaga baada ya miaka kumi, kiko palepale. Ila hakiwezi kushuka sana, dada. Huko kwenye mawe yako kitagonga."

Upande wa kulia kulikuwa na cha kukunja. Milimita alifungua mlango, na kutoka mvunguni mwa gari kikanyagio kikajitokeza chenyewe, polepole, bila kelele, kikashuka, kikatulia. Kama mtu anayekuvutia kiti ukae. Nilisimama pale kwenye ule mwanga wa kijani na mdomo wazi. Akafunga mlango, kikarudi. Nikamwomba afungue tena. Na tena.

"Hiki kinashuka chini zaidi," alisema, "kwa sababu gari likiondoka kimeshajificha, hakina cha kugonga. Lakini kina mota. Matope yakikaukia ndani, kinanuna. Ni cha kuoshwa mara kwa mara."

"Nitaosha," nikasema haraka.

Baba alisogea na fimbo yake. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri vya chini, hutafuta vitu kwa fimbo. Akaipeleka pale alipokuwa amekiona kikanyagio, lakini Milimita alikuwa ameshafunga mlango. Fimbo ikapiga hewa, na baba akayumba. Nilimdaka kiwiko. Akaung'oa mkono wangu.

"Umeona? Kimenikimbia! Ebo! Miaka arobaini na mitano nimejenga ngazi, na hakuna hata kidato kimoja kilichoondoka bila kuniaga."

Milimita alitaka kucheka, akajikaza. Mimi nilikasirika. Nilikuwa nimeshakipenda kile kitu, naye anakitukana.

"Basi tupime, yaishe," nikasema.

Tukapima kwa utaratibu wake. Milimita alisimamisha kipande cha bati, baba akafumba macho, akainua mguu huku akinung'unika habari za bei ya misumari. Mguu ukakoma. Milimita akachora mstari kwa chaki, akavuta tepu, akainama, akainuka. "Sawasawa na kile cha kudumu. Sawasawa kabisa, mzee. Hata unywele haupiti."

Baba akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Akaenda upande wa kushoto, akapapasa bomba kwa fimbo, akalikuta. Akaligonga mara mbili. Likaitika. Akashika mkono wa mlangoni, akakanyaga, akajivuta, akageuka, akakaa kwenye kiti. Mwenyewe. Alikaa kule juu kifua mbele, na mimi nilifurahi, hata kama kikanyagio changu kizuri ndiyo basi tena. Potelea mbali, nikajisemea. Bora afike.

"Kifunge hicho," nikamwambia Milimita, naye akachukua spana.

"Ngoja," baba akasema kutoka juu. "Nipe ubao wangu."

Nikaifungua ile shuka. Ubao wa zamani, umekolea rangi ya chai ya rangi, na katikati hakuna kitu ila alama moja ya kisu. Chini sana. Chini ya mstari wa chaki kwa kiganja kizima.

"Mguu wa nani huu?"

"Wa mama yako. Siku nilipompima ili nijenge ngazi ya nyumbani. Alikuwa na mimba yako ya miezi minane, tena ameshinda anafua. Alichoka huyo!"

Ndipo nikaelewa kwa nini ngazi yetu iko vile. Kila mgeni anayekuja kwetu hujikwaa, maana vidato ni vifupi kuliko mguu wake unavyotegemea, na mama huwaambia, "Samahani, nyumba hii ilipimwa vibaya." Kumbe ilipimwa mimi nikiwemo.

"Lakini baba, anayepanda gari ni wewe."

"Kwenda, ndiyo."

"Na kurudi?"

Akanitazama kama mtoto mzito wa kuelewa. "Kwani wewe ulidhani naenda kumtazama? Mama yako si picha. Naenda kumchukua."

Nilikuwa sijalifikiria hilo hata siku moja. Nilidhani, na Mungu anisamehe, nilidhani nampeleka akaage. Nilikuwa nimeshajiandaa hata kwa kimya cha njiani wakati wa kurudi. Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi la chuma. Milimita naye akasingizia anatafuta nati.

Ubao ukasimamishwa kando ya kikanyagio cha kudumu. Alama ya mama ilikuwa chini mno. Ukapelekwa upande wa pili, mlango ukafunguliwa, kile cha kukunja kikatoka taratibu na kushuka, kikaja kusimama penye alama. Baba alishushwa na miguu yake mwenyewe, akalizunguka gari lote kwa kujishikilia, akainama, akakipapasa kikanyagio kwa kiganja, mbele na nyuma, kama anavyopapasa mbao iliyopigwa randa.

"Haya," alisema, na ilimuuma kusema. "Funga hiki cha woga. Pande zote mbili."

Jumamosi tukaondoka. Baba alikuwa amefanya mazoezi siku mbili nzima. Mlango ukifunguliwa anahesabu moja, mbili, tatu, ndipo anapeleka fimbo, na kikanyagio kinakuwa kimefika. Safari yote alikaa na ubao mapajani. Asubuhi ilikuwa ya ukungu, miti ikija na kupotea, na yeye alisinzia, akaamka, akasinzia. Safari hii hakunisimulia ndoto. Mara moja tu aliniambia, macho yamefumbwa, "Leo amenisikia," akarudi usingizini.

Mama alikuwa ametolewa barazani kwa mama mdogo, amesimama ndani ya kile kiegemeo chake cha chuma cha kutembelea. Amepungua. Mimi ndiye niliyelia kwanza. Baba akafungua mlango wake, akahesabu, akashuka. Mwenyewe, jamani! Akatembea hatua kumi na moja mpaka mbele ya mama, akasimama.

"Umechelewa," mama akasema.

"Nilikuwa napimisha gari. Twende nyumbani."

"Kwenye mnyama huyu?"

"Limefuata mguu wako. Njoo uone."

Mama mdogo akadakia kwamba daktari ameruhusu, mabegi yako tayari tangu juzi. Kumbe baba na mama walikuwa wamepanga kwa simu, wale wawili, kwa kelele zote zile, na mimi sikusikia kitu. Nikafungua mlango wa nyuma. Kikanyagio kikatoka, kikashuka. "Lo!" mama akasema, akacheka kama msichana. Akashika mkono wa mlangoni, akainua mguu.

Mguu ukakoma hewani, chini ya kikanyagio. Akajaribu tena. Ukakoma palepale.

Baba alitazama ule mguu kwa muda mrefu. Yeye, aliyekataa maisha yake yote kupima mguu ambao hauko mbele yake, safari hii alipima kwa alama ya kisu ya miaka arobaini iliyopita.

"Nimempima mwanamke mwingine," akasema.

"Mwanamke gani?" mama akauliza, tayari kwa vita.

"Wewe. Siku zile."

Mama akamgusa shavu. "Huyo alikuwa na nguvu kweli," akasema taratibu.

Nikasema nitambeba mama, ni hatua moja tu. Baba akaninyooshea mkono nisisogee. Akauvuta ubao wake garini, akauweka chini, alama ikitazama juu, mbele ya kikanyagio. Ulicheza kidogo kwenye changarawe. Kwa hiyo akaiacha fimbo, akapiga magoti, yale magoti yake, akaushika ubao kwa mikono miwili ukatulia kabisa.

"Fumba macho," akamwambia mama. "Fikiria jambo lingine."

Mama akafumba macho. Akapanda ubao, akapanda kikanyagio, akageuka, akakaa. Alipofumbua macho alikuwa ndani ya gari, na mume wake yuko chini amepiga magoti, hawezi kuinuka. Alijaribu mara mbili. Mimi sikuthubutu kumgusa.

Akageuza shingo, akanitazama. Alikuwa anacheka.

"Unangoja nini?" akasema. "Nibebe."

Nikambeba. Ni mwepesi, baba yangu, sikuwa najua. Nikamzungusha gari lote, na mama kutoka ndani akapiga kelele, "Angalia kichwa chake, usikigonge!"