Mposaji Anayehesabu Makombora

"Hivi shoga, kombora likitunguliwa huko juu, vyuma vyake vinamwangukia nani?"

Bi Zuweina aliuliza hivyo mwaka jana, siku zile mataifa ya jirani yalipokuwa yakirushiana makombora. Alisimama mlangoni kwa Bi Kheiria, ghorofa ya tatu, Al Khuwair, Maskati, na sahani ya sambusa mkononi.  Bi Kheiria alisema Mungu atuhifadhi, akapokea sambusa. Lakini swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Na leo, Ijumaa baada ya alasiri, amepatikana mtu wa kuulizwa. Talal, aliyekuja na babake kumposa Shaikha, mjukuu wa Bi Kheiria, kazi yake ndiyo hiyo. Yuko chuo kikuu, Al Khoudh, anatazama picha zilizopigwa kutoka angani, anakadiria taifa fulani lina mabomu mangapi ya nyuklia na mitambo gani ya kutungulia makombora ya wenziwe.

Aflah, baba wa msichana, alishamwambia Bi Kheiria, "Mama, neno ni lako." Bibi alishaswali istikhara mara tatu, kumwomba Mungu amwonyeshe lenye kheri, moyo bado haujatulia. Shaikha yuko jikoni, anajifanya anapanga vikombe vya kahawa, masikio yote yako huku. Bibi alimjua mjukuu wake: akiambiwa hapana hatolia mbele ya watu, lakini nyumba hii haitosikia kicheko mwaka mzima.

Kijana akaitwa aje kumwamkia bibi. Bi Zuweina hakualikwa, ila alikuwapo, kakaa kwenye kiti cha karibu na feni. Ana mwanawe, Saeed, na jengo zima linajua anamtakia nani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nna swali." Akamuuliza lile la vyuma.

Talal hakuharakisha. "Vinamwangukia aliye chini, bibi. Ndiyo maana wanajeshi hujitahidi kulipiga likiwa juu sana, au likiwa bado baharini. Na si yote yanayopatikana. Mengine hupita."

"Na likibeba nyuklia?" Bi Zuweina akadakia.

"Likipigwa huko juu, aghlabu bomu halilipuki, khala, huvunjika. Lakini sumu yake inaweza kumwagika," alisema Talal, akimwita khala kama mama yake mdogo.

"Ehee! Na hao unaowahesabu wewe, wanayo mangapi?"

"Baina ya arobaini na sitini."

Bi Zuweina akacheka mpaka mtandio ukamtoka kichwani. "Tofauti ishirini! Hiyo ndiyo elimu? Saeed wangu anahesabu magunia ya mchele dukani Hamriya, hakosi hata moja!"

"Saeed anaingia stoo, khala," alisema Talal. "Mimi hawanifungulii mlango."

Jikoni kikombe kiligonga sinia. Bi Kheiria akaziba mdomo kwa kanga asicheke.

"Basi sema tu hujui," Bi Zuweina akambana.

"Sijui, khala. Wakubwa wangu walitaka niandike namba moja, watu wa televisheni waipende. Nkawaambia sijui. Wakampa mwenzangu aandike."

Bi Kheiria aliweka tasbihi mapajani. Marehemu mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kheri, lakini neno "sijui" halikupata kumtoka kinywani. Siku moja walikuwa wanakwenda Nizwa, bara, milimani. Wakaiona bahari ya Sur, naye bado anasema ndiyo njia. Miaka thelathini na moja alimpenda hivyo hivyo, akijifunza kuzitazama barabara mwenyewe.

Akamtazama kijana. Hakutokwa na jasho. Hakumjibu vibaya mwanamke mkubwa. Na alipoulizwa asichokijua, alisema.

Moyo wake ukatulia, tuli.

"Aflah!" akaita kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanaume sebuleni. "Mwambie mwenzako tumekubali! Na bibi harusi atoke huko jikoni kabla hajavunja vikombe vyangu!"

Shaikha alitoka akicheka na kulia kwa pamoja. Vigelegele vya shangazi zake vikaamsha watoto wa ghorofa ya pili. Haluwa ikafunuliwa, udi ukatiwa makaani, na Talal akabaki kasimama katikati, hajui aweke wapi mikono.

Bi Zuweina, ambaye hakupata kutoka nyumba ile bila ya kuaga mara tatu mlangoni, aliinuka. Akajitanda mtandio wake. Akakata vipande viwili vya haluwa, vikubwa, akavifunga kwenye karatasi kwa ajili ya Saeed, akavaa viatu, akatoka bila ya neno jingine.