Mvivu Adai Mji Wake

Usiku wa kuamkia leo niliota maji yamelala kitandani kwangu.

Yamejifunika blanketi lote, yanakoroma upande wa ukutani. Nikayaambia yasogee. Yakasema, "Bibi, si wewe uliyemfundisha mtoto kwamba maji ya bomba lazima yalale usiku mzima, dawa itoke, ndipo viluwiluwi watiwe? Basi tuache tulale."

Nilisema hivyo kweli.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Nakijwa, wa miaka saba, alichota viluwiluwi watano kwenye ndiva, bwawa la udongo tunalokusanyia maji ya mashamba huku kwetu Upare. Tukawalea ndani ya beseni la kufulia, kwa mchicha wa kuchemsha. Wanne wakaota miguu, wakapanda jiwe nililowawekea. Wa tano, aliyekuwa na ndevu mbili kama kambale, hakupanda. Ndevu zikaisha, miguu ikaja yote minne, naye kalala tu majini. Nikamwita Mvivu. Nakijwa akampenda huyohuyo.

"Bibi, huyu ni chura gani?" akaniuliza jana.

Mimi sijawahi kumwambia mtoto sijui. Nikasema, "Chura kama wenzake, anadeka tu. Kesho tunamwaga maji, wote tunawapeleka kwenye maharage. Atatembea, apende asipende."

Nakijwa akanuna mpaka akalala.

Basi. Natoka kitandani, nakanyaga, niko ndani ya beseni, maji kiunoni, na beseni ni ofisi ya kata. Nyuma ya meza kakaa lile jiwe, limevaa miwani yangu.

"Hiyo miwani ni yangu," nasema.

"Lakini huivai," Jiwe linajibu. "Ungeivaa tusingekuwa hapa. Wa kwanza apite."

Anapita chura mdogo mwenye vidole vilivyovimba nchani, anapanda ukuta kama anapanda ngazi. "Wa mitini," Jiwe linasema, linagonga muhuri. Wanafuata wawili wenye migongo ya vipele kama ganda la fenesi. "Wa shambani." Muhuri, muhuri. Wa nne bado ana mkia.

"Unakula nini siku hizi?"

"Mkia wangu."

"Kula taratibu, usipaliwe. Wa nyasini. Anayefuata."

Anakuja Mvivu, kalala chali.

"Bibi wa Nakijwa, mtaje huyu."

"Chura."

Muhuri unaruka pembeni, unakataa kugonga. Jiwe linanitazama juu ya miwani yangu mwenyewe. Ndipo Mvivu anasema, "Kitendawili."

"Tega," nikasema. Mdomo wangu haujui kusema lingine.

"Nilizaliwa na ndevu, nilipokua zikaniacha. Nina miguu minne, na barabara siijui."

Nikafikiri. "Mbuzi aliyefungwa kamba."

"Mbuzi ndevu hazimwachi."

"Jirani yangu Mzee Senkondo, tangu astaafu."

Jiwe likacheka, likapata ufa mdogo. "Huyo ana miguu miwili, Bibi."

Hapo sakafu ikawa shamba la maharage. Maji yakashuka kiunoni, magotini, nyayoni, yakaisha. Jua kali. Mvivu yuko juu ya udongo mkavu, ngozi inamkunjamana kama karatasi.

"Nipe mji, Bibi," anasema polepole. "Nakauka."

Nyie, kila aliyeshindwa kutegua vitendawili vyangu amenipa mji. Nina Mwanga, nina Korogwe, Tanga nimepewa mara mbili. Kutoa, sijatoa hata kijiji. Lakini anakauka mbele yangu, na nyuma yake namwona Nakijwa kasimama na beseni tupu.

"Sijui," nikasema. Neno lilitoka kama mwiba wa samaki. "Chukua Korogwe."

"Mbali."

"Chukua Tanga, zote mbili."

"Maji ya chumvi."

"Chukua ndiva."

"Ndiva si yako, ni ya wote," Jiwe likadakia.

Changu mimi ndani ya ndiva ni kimoja tu. "Chukua zamu yangu ya kumwagilia maharage, maji ya Alhamisi."

"Hapo sawa," Mvivu akasema. "Nimefika mjini kwangu, nimekula, nimeshiba. Sasa sikia. Mimi ni chura wa majini. Sipandi jiwe, na maharage yako yangeniua." Akanyoosha mguu wa nyuma. "Tazama kucha."

Sikuona kucha. Miwani ninayo basi?

Nikaamka. Upande wa ukutani shuka limelowa. Nikapapasa chini ya mto ninapoweka miwani. Haipo.

Uani Nakijwa kachuchumaa, kakumbatia beseni kwa mikono miwili.

"Bibi, nani kalivisha jiwe miwani yako?"

Liko katikati ya beseni, limevaa, na pembeni lina ufa mdogo. Nikaichukua, nikaivaa na maji yake. Mvivu akanyoosha mguu wa nyuma, bila haraka. Kucha tatu, nyeusi tii.

"Tumwage?" Nakijwa akauliza, machoni kumejaa.

"Usimwage. Huyu ni wa majini. Tumrudishe kwenye ndiva."

"Jana ulisema kama wenzake."

"Jana nilikuwa sijui," nikamwambia. "Nikampa mji."

Akanigeukia. Hajawahi kuniona nikitoa mji. "Mji gani?"

"Alhamisi yetu. Wiki hii maharage yatatusamehe."