Sinia la Sulhu

Demiana alikuwa akikwangua masizi ukutani kwa kijiko, maana kisu kilikwenda na vyombo vingine vilivyoporwa. Sebule haikuwa na mlango wala paa. Hapo ndipo Wakristo wachache wa kijiji walipokuwa wakisali Ijumaa, siku ya mapumziko, viatu nje, sauti chini, kwa kuwa kanisa hawana na kibali cha kujenga hawapewi. Ijumaa iliyopita vijana walikuja na madumu ya petroli. Polisi walifika moto umeshashiba. Waliwakamata vijana, wakamchukua na Abanoub, mwanawe, ndoo ya maji ikiwa bado mkononi. Kosa lake, kusali bila kibali.

Padri Sarabamon alikohoa nje.

"Mama Abanoub, wanatungoja kwa mkuu wa kijiji. Wanataka sulhu."

"Wewe unanishaurije, baba?"

Padri alitazama viatu vyake. "Abanoub ana pumu, mama."

Basi. Demiana akanawa mikono, akavuta mkono wa gauni ufunike msalaba uliochanjwa kifundoni mwa mkono, wakaenda.

Baraza la Haji Mahrous, mkuu wa kijiji, lilijaa wanaume. Katikati aliketi afande wa polisi, kofia gotini.

"Sisi ni ndugu," Haji alianza. "Shetani kapita, kafanya yake, kaondoka."

"Shetani huyo alibeba dumu, Haji. Na sauti yake naijua, mama yake nilimzalisha mimi."

Mtu mmoja alicheka. Afande hakucheka.

"Una ulimi, mama. Mwanao naye anao? Maana huko aliko pumzi inamtosha ya kukohoa tu."

Haji akataja masharti kwa sauti ya upole, kama anayegawa nyama ya sikukuu. Mashtaka yafutwe. Fidia hakuna, ndugu hawalipani. Ndani ya nyumba ile isisikike sala tena, hata ya maiti.

"Na wao?" Demiana aliuliza.

"Wao wamekusamehe kwa kuwachokoza."

"Na mwanangu?"

"Sema umesamehe," afande alisema, "leo hii wanatoka wote."

"Nimesamehe."

"Wa mlangoni hawajasikia."

"Nimesamehe!"

Chai ikaletwa. Demiana aliliona sinia kabla ya kuziona bilauri: sinia la shaba, la mahari ya mama yake, ukingo umebonyea upande mmoja. Abanoub ndiye aliyelibonyeza, alipokuwa akitambaa, kwa kulipiga na mwiko kutwa nzima akidhani ni ngoma. Bilauri zilikuwa zilezile zenye mstari wa dhahabu, ambazo yeye huzitoa kwa wageni tu. Akamgeukia padri. Padri alikuwa amekunywa chai ya sinia lile miaka mingi. Alikuwa akitazama viatu vyake.

"Kunywa, mama," Haji alisema. "Bila chai sulhu haijafunga."

Akanywa. Ilikuwa tamu mno.

Haji akaguswa. Akasimama. "Mama huyu kapoteza vyombo vyake. Sinia hili na bilauri zake nampa mimi! Zawadi ya sulhu!"

Makofi yalijaa baraza. Mzee mmoja alifuta machozi.

"Hujashukuru, mama," afande alimkumbusha.

"Asante, Haji. Mungu akuongeze."

Nje ngoma zikalia. Gari la polisi lilikuwa limefika, na vijana walikuwa wakishushwa, wakibebwa mabegani, mama zao wakipiga vigelegele. Demiana akajitwika sinia, akajipenyeza mpaka nyuma ya gari. Akachungulia. Mlikuwa na gurudumu la akiba na turubai. Akaliinua turubai.

"Wangu yuko wapi?"

Afande alikuwa akivaa kofia. "Faili la wako liko mkoani. Labda kesho. Labda wiki ijayo."

"Umesema leo. Umesema wote."

"Usiharibu sulhu, mama. Watu wamefurahi."

Msafara ukaanza kupita, vumbi juu. Demiana alisimama palepale, mikono miwili imeshika sinia kichwani lisidondoke. Kijana mmoja aliyebebwa begani, yuleyule ambaye Demiana aliijua sauti yake, alimwona akacheka. Akanyoosha mkono, akalipiga sinia pale palipobonyea, akifuata mdundo wa ngoma, na bilauri zikaitikia. Wa nyuma yake akaona ni mchezo mzuri. Naye akapiga.