Mtoto Ana Mama Wangapi

Wenye mabinti, someni hili polepole. Mwaka wa hamsini na mbili, Bertilla wa kijiji cha Kate alisimama mbele ya baraza Sumbawanga pamoja na Zenon, mume aliyemwacha akaoa mwingine kule Chanji. Bertilla hakudai chochote ila binti yao Agnesi, wa miaka saba.

Zenon hakubisha. Akala kiapo: Agnesi atakaa kwa mama yake mpaka aolewe, akivunja neno, baraza limfunge.

Karani akainua kalamu. "Jina la mama niandike nani?"

Bertilla akaona haya. Tangu azae aliitwa Mama Agnesi tu, na kutaja jina lake mbele ya wazee wa ukoo wa mume aliona ni kukosa adabu. "Andika mama yake, yatosha. Kwani mtoto ana mama wangapi?"

Wazee wakacheka. Zenon akacheka kuwapita wote, akapiga dole gumba kwenye karatasi.

Msimu wa kupura ulezi Zenon akaja Kate, akala ugali wa Bertilla, akaomba Agnesi akamsalimie bibi yake mgonjwa, siku tatu tu. Zikapita wiki tatu. Bertilla akafunga safari kwa miguu mpaka Chanji, akamkuta mwanawe amebeba mgongoni kichanga cha Sophia, yule mke mpya. Bibi alikuwa mzima, anapepeta mahindi.

Wakarudi barazani, karatasi ikasomwa.

"Nimevunja neno gani?" Zenon akauliza kwa upole. "Yuko kwa mama yake. Agnesi, Sophia unamwitaje?"

Mtoto akatazama chini. "Mama mdogo."

"Haya, wazee wangu. Mama mdogo si mama?"

Mzee wa baraza akakuna kidevu, akasema ahadi haijavunjwa, akamtazama Bertilla. "Mwanangu, karani alikuuliza jina."

"Nilikuwa nawaheshimu ninyi, mzee."

"Najua. Lakini heshima haikuandikwa."

Bertilla akamgeukia Zenon. "Ulikula ugali wangu ukilijua hili?"

"Ulikuwa mtamu, Mama Agnesi."

Bertilla akaomba kalamu. Kwa herufi alizofundishwa na masista akaandika pembeni mwa karatasi, polepole, jina lake na la baba yake: Bertilla binti Eustaki. Karani akamwacha amalize, ndipo akamwambia kwamba karatasi ikishapigwa muhuri haiongezwi neno.