Swali la Kumi na Saba

Orodha ilibandikwa Jumanne, na jina la Uyên lilikuwa la mwisho: la thelathini na tano katika nafasi thelathini na tano za darasa la Kiingereza, shule ya vipaji ya mkoa. Mama yake alilia pale pale ukutani mbele za watu. Mama yake mdogo, Mwalimu Nhạn, hakulia. Alitoa kalamu akanakili majina kumi yaliyofuata chini ya mstari mwekundu, pamoja na alama zake, akaikunja karatasi na kuitia mkobani. Hakuwa na sababu. Alipenda tu kujua mambo yalivyopita.

Jumatano asubuhi, bakuli za tambi za hủ tiếu zikiwa bado mezani na mchuzi wake haujapoa, alimwambia Uyên alete karatasi ya maswali.

"Mama mdogo, mtihani umekwisha. Nimeshafaulu."

"Kufaulu na kujua ni vitu viwili. Ilete."

"Wenzangu wakifaulu wananunuliwa pikipiki ya umeme."

"Hao wenzako walipata ngapi?"

Uyên aliguna, akaenda kuileta. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Minne ya mwisho aliishi hapa mjini kwa mama yake mdogo, kwa sababu shule ya kisiwani kwao, katikati ya mto Tiền, ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa Kiingereza, na huyo ndiye aliyefundisha pia mazoezi ya viungo. Kila jibu alilotia kivuli kwenye karatasi ya mashine alikuwa amelizungushia penseli kwenye karatasi ya maswali, kama alivyofunzwa.

Maswali yalikuwa hamsini, kila moja sifuri nukta mbili. Uyên alipata tisa nukta sita kwa kumi.

"Umekosa mawili. Unayajua?"

"Nayajua. La thelathini na moja, lile la viambishi. Na la mwisho la ufahamu, nilisahau kulitia kivuli."

Walipitia yote hata hivyo. Nhạn aliburuta kidole, Uyên akataja sababu ya kila jibu huku akitikisa mguu chini ya meza. Kidole kilisimama kwenye swali la kumi na saba. Lilikuwa mazungumzo mafupi. Mmoja anauliza: hujawahi kwenda Huế? Mwenzake anajibu: pengo, kisha, sijawahi. A ilikuwa ndiyo. B ilikuwa hapana.

"Umezungushia A."

"Aa! Nilisoma haraka."

"Nimekufundisha hili mara ngapi?"

"Mia." Uyên aliigiza sauti yake, kidevu juu. "Sisi tunamjibu aliyeuliza. Akisema hujawahi, na kweli hujawahi, unamwambia ndiyo, umesema sawa. Mwingereza hamjibu mtu, analijibu jambo. Jambo halipo, basi ni hapana. Najua, mama mdogo. Hilo nimelikosa."

"Basi umekosa matatu."

"Mawili. Tisa nukta sita."

Nje, mwuza mikate alipita na kipaza sauti chake.

"Labda la mwisho nililitia kivuli," Uyên akasema.

"Ulitoka mlangoni ukilia kwa ajili ya hilo la mwisho."

"Basi mashine imekosea. Bahati yangu."

"Mashine haina bahati. Inafuata majibu iliyopewa."

Nhạn aliinuka, akachukua bakuli, akaziosha. Kisha akaziosha tena. Aliyeipa mashine majibu alikuwa yeye.

Watunzi wa mtihani walifungiwa siku sita katika nyumba ya wageni ya serikali, simu zimekusanywa, askari mlangoni. Kabla ya kuingia, Nhạn alisoma kanuni. Zilimkataza mtu mwenye mtoto, mume au ndugu wa tumbo moja katika watahiniwa. Mtoto wa dada hazikumtaja. Aliuliza kwa maandishi, akajibiwa kwa maandishi kwamba hakuna kizuizi. Siku ya tano, mwenyekiti akiwaharakisha, aliandika orodha ya majibu kwa mkono wake. Nakala ilibaki ndani ya bahasha yenye lakiri, kwa hiyo hakuweza kwenda kuitazama. Lakini alijua. Miaka ishirini na miwili ya kufundisha kanuni moja, halafu mkono umeandika kile ambacho mdomo wake ulisema tangu utotoni.

Ilikuwa saa mbili na robo. Muda wa rufaa ungefungwa kesho yake, Alhamisi, saa kumi na nusu jioni.

Alipanda pikipiki akaenda kumtafuta Tường. Kijana huyo alipita mikononi mwake miaka tisa iliyopita; sasa walifundisha shule moja, sekondari ya kawaida ya mji, na ndiye aliyehakiki mtihani ule. Alimkuta kibandani, mbele ya kahawa ya barafu. Tường alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Kaa. Swali la kumi na saba. Niliandika jibu gani?"

Tường alikoroga barafu. "A, mwalimu."

"Uliliona?"

"Nililiona."

"Na ukatia sahihi."

"Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha kanuni hiyo. Nikasema labda kuna kitu nisichokijua. Halafu mwenyekiti yuko pale, watu sita mezani. Nitamwambiaje mwalimu wangu mbele za watu kwamba amekosa swali la watoto?"

"Ungeninong'oneza."

"Nilikohoa."

"Ulifanya nini?"

"Nilikohoa, mwalimu. Mara mbili. Ukanipa maji."

Nhạn alimtazama. Alikumbuka yale maji. Alikumbuka hata kumwambia apunguze kiyoyozi.

"Kesho jioni panafungwa," Tường alisema taratibu. "Majibu hayatangazwi, hakuna mtahiniwa atakayejua. Ukilitoa wewe, watasema ulilitega kwa ajili ya Uyên. Na Uyên mwenyewe anatoka. Nani anafaidika?"

"Waliojibu B."

"Unawajua?"

"Idadi yao siijui. Ndiyo maana karatasi zisahihishwe upya."

Siku nzima hakukaa mahali. Alifundisha vipindi viwili vya wanafunzi wa majira ya joto akitembea kati ya madawati mpaka mmoja akamwuliza kama ana homa. Alizunguka soko mara mbili bila kununua kitu. Aliikunjua ile karatasi ya majina kumi, akaisoma, akaikunja. Mikunjo ilianza kuchanika. Wa thelathini na sita alikuwa Thạch Sô Phi, msichana wa Kikhmer wa wilaya ya chini, pungufu ya Uyên kwa sifuri nukta mbili tu. Watatu waliomfuata walilingana naye.

Alhamisi saa nne dada yake, Hường, mama wa Uyên, aliwasili kwa kivuko na bata wawili na kapu la doriani. Alikuwa amekwisha kuwaalika majirani wa kisiwani Jumapili. Nhạn alimweleza yote wakiwa wamesimama jikoni, bata wamefungwa miguu sakafuni.

"Ngoja," alisema Hường. "Umekosea wewe, mwanangu ndiye alipe?"

"Alipewa alama ambayo si yake, dada."

"Amemnyang'anya nani? Alikwenda akaiba? Amekaa, amejibu, mashine imempa."

"Yupo mtoto wa thelathini na sita."

"Unamjua?"

"Simjui."

"Wazazi wake unawajua?"

"Siwajui."

"Na huyu?" Hường alimwonyesha Uyên kwa kidevu. "Huyu unamjua? Au naye tukutambulishe?"

Uyên alikuwa mlangoni, mikono imekumbatia karatasi ya maswali. Hakumtazama mama yake; alimtazama Nhạn.

"Kwa nini uliniuliza?" akasema. "Si ungeniacha nile tu."

Nhạn alilisogeza kapu la doriani kando ya ukuta.

"Labda Sô Phi naye alijibu A," Uyên aliendelea. "Labda wote wa chini walijibu A. Hata mimi nilijibu A, na nimefundishwa na wewe."

"Inawezekana. Karatasi zitasema."

"Karatasi, karatasi," alisema Hường. "Baba yetu angekuwa hai angekuuliza umezaliwa na mtu au na karatasi." Aliinua bata wake mmoja, akamtua tena, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Nhạn aliingia chumbani, akaandika barua. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Alitaja namba ya swali, jibu lililoandikwa, jibu sahihi, na kanuni ya sarufi kwa sentensi mbili. Aliandika kwamba kosa ni lake. Jina la Tường alilitaja mara moja tu, pale ilipobidi kumtaja mhakiki, na kuhusu kikohozi hakuandika kitu. Aya ya mwisho ilisema kwamba mtoto wa dada yake ni mtahiniwa, kwamba alijibu A, na kwamba yuko nafasi ya thelathini na tano.

Bwana Lương, msimamizi wa mitihani mkoani, aliisoma saa kumi na dakika kumi. Aliisoma akiwa amevua miwani, kisha akavaa miwani akaisoma tena.

"Mwalimu, hakuna aliyelalamika."

"Hawawezi kulalamikia wasichokijua."

"Unajua barua hii itasomwaje? Watauliza shangazi alikuwa anafanya nini kwenye kamati."

"Mama mdogo, si shangazi. Nimeambatanisha jibu la ofisi yako kuhusu hilo."

Bwana Lương aligeuza ukurasa, akaiona sahihi yake mwenyewe.

"Irudishe nyumbani," alisema, sauti chini. "Ukiilalia, kesho utaiona vingine. Mimi nitasema hukufika."

"Nimeandika saa niliyofika. Juu, kulia."

Saa ya ukutani ilisonga. Katika chumba cha pili mtu alikuwa akimenya embe na kusimulia habari za harusi. Nhạn alikuwa amesimama. Kiti alipewa, hakukikalia. Miguu ilitaka kutembea, akaizuia. Mwishowe Bwana Lương alivuta mhuri, akaupuliza, akaugonga.

"Kwenye kamati hutarudi," alisema.

"Naelewa."

Karatasi zote zilipitishwa upya kwenye mashine Ijumaa na Jumamosi. Sherehe ya kisiwani iliahirishwa. Majirani waliambiwa Hường anaumwa mgongo. Uyên alikula chumbani. Nhạn alipomwita, aliitika kwa adabu yote inayotakiwa, neno kwa neno, na hakuongeza hata moja.

Jumatatu orodha mpya ilibandikwa juu ya ile ya zamani. Walikwenda pamoja, pikipiki moja, Uyên akiwa ameshika chuma cha nyuma badala ya kiuno cha mama yake mdogo. Watu walikuwa wengi. Mwanamume mmoja alikuwa akimpigia mtu simu kwa kelele, akisema haya ni maajabu. Uyên alijipenyeza mbele, alikuwa mwembamba. Nhạn alisoma kwa mbali, juu ya mabega ya watu.

Waliovuka mstari walikuwa wawili, na wawili walishuka. Wa thelathini na tano sasa alikuwa mvulana mmoja, Quách Khải, aliyekuwa wa thelathini na tisa. Uyên alikuwa wa thelathini na saba.

Alirudi kutoka kwenye kundi, uso mkavu.

"Sô Phi ni wa arobaini na mbili," alisema. "Alijibu A."

"Nimeona."

"Kwa hiyo hata hakuwa yeye."

"Hakuwa yeye."

Uyên alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, halafu akakaa juu ya ukingo wa bustani ya maua, juani, wakati wengine wote walikuwa wakitafuta kivuli. Nhạn alibaki wima kando yake. Aliuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Angeweza kusema kwamba tisa nukta nne ni alama nzuri. Ilikuwa kweli, na haikumfaa mtu.

"Shule ya kawaida inaandikisha mpaka lini?" Uyên aliuliza, macho kwenye viatu vyake.

"Ijumaa. Saa tano asubuhi."

"Kiingereza cha mwaka wa kwanza anafundisha nani?"

"Mwaka huo umegawanywa madarasa manne: la kwanza na la pili, mimi. La tatu na la nne, Tường."

Uyên alifikiri. Yule mwanamume wa simu alipita akicheka, akamkanyaga Nhạn, hakuomba radhi.

"Niandikishe la tatu," Uyên alisema.

Nhạn alitoa ile karatasi iliyochanika mikunjo, akaigeuza upande mweupe, akaandika: Uyên, la tatu. Aliitazama kidogo kuhakikisha inasomeka, akaitia mkobani, akaenda kuiwasha pikipiki.